Sampuli Namba Kumi na Saba

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyepata kumwona Bibi Dakika akisoma kichupa kabla ya wakati wake. Hata siku umeme ulipokatika jengo zima na watu wakatoka nje kupunga upepo, yeye alibaki maabara, amekaa kwenye stuli yake ya chuma, saa ya mkononi ameivua na kuilaza mezani, anahesabu. Wenzake walimpa jina hilo kwa dhihaka, naye akalivaa kama nishani. Kwa wakwe zake aliitwa kwa majina ya heshima yanayomstahili mke wa kifungua mimba. Kazini alikuwa Bibi Dakika, na hakuona haya.

Kazi yake ilikuwa kupima nguvu ya majani yanayoliwa, yaani mboga, viungo na mimea ya kutia kwenye chai. Mtu akikata tufaa akaliacha mezani, punde linageuka kahawia. Akilipaka maji ya ndimu, linakawia kugeuka. Kile kilichomo ndani ya ndimu kinachozuia uchakavu ule ndicho wataalamu wanachokiita antioksidanti, na majani mengi yanacho, mengine tele na mengine haba. Ili kukipima, Bibi Dakika alikuwa na dawa ya rangi ya zambarau, imekoza kama ganda la biringanya. Jani husagwa, hulowekwa kwenye spiriti siku nzima, likachujwa, kisha matone yake yakatiwa ndani ya ile zambarau. Jani hodari huifuta rangi mpaka ikawa manjano. Jani goigoi huiacha vilevile. Mashine husoma rangi kiasi gani imetoweka katika kila mia, na nambari hiyo ndiyo huandikwa daftarini.

Lakini lazima kusubiri dakika thelathini, vichupa vikiwa kabatini gizani. Mwanga peke yake huila ile rangi, na tena majani hayana tabia moja. Yako yanayokurupuka mara moja na kuishiwa, na yako yanayoanza taratibu kama mzee anayeinuka kitini. Ukiyasoma mapema umeyadhulumu. Neno hilo, kudhulumu, lilikuwa lake mwenyewe, na kila mwanafunzi aliyepita pale kwa mafunzo aliondoka nalo.

Mumewe alikuwa mpima ardhi, na alikuwa amefariki miaka sita kabla ya mambo haya. Alimwachia nyumba ya vyumba vinne, jina lisilo na doa, na nyuma ya jiko matuta mawili ya mrehani aliyoyapanda kwa mkono wake. Ukoo ule haukuwa wa kusemwa barabarani. Hawakukopa unga kwa jirani, hawakugombana dirisha likiwa wazi, na mjane wao mkubwa hakutaka mila hiyo ifie mikononi mwake. Alimwagilia mrehani kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na alivaa nguo zilizopigwa pasi hata siku za kufanya usafi.

Jambo moja tu lilikuwa likimtafuna, naye hakulisema kwa mtu. Jambo hilo lilikuwa wifi yake.

Wifi alikuwa dada mdogo wa marehemu. Aliacha shule mapema, akabaki na mama yao, akalima kiwanja cha nyuma, akauza majani makavu kwenye meza ya mbao kwenye kona ya mtaa. Hakuwa na bango wala kipaza sauti. Chema chajiuza, na mrehani wa Wifi ulijiuza kweli. Watu walitoka mitaa mingine kuufuata, wakisema chai yake inaondoa uchovu wa wiki nzima. Hayo Bibi Dakika angeyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni Jumamosi. Miaka yote ya ndoa, Jumamosi mumewe alikwenda kwa mama yake asubuhi na kurudi jioni, kucha zimejaa udongo, uso umechangamka. Mkewe siku hizo alikuwa darasani akitafuta stashahada yake, na akirudi humuuliza mumewe alishinda akifanya nini. Naye hujibu, "Nilikuwa na mdogo wangu tu." Tu. Neno fupi kama sindano. Yeye alikuwa na mume mwenye shati jeupe, aliyechoka na ramani za ofisini. Wifi alikuwa na yule mwingine, wa udongo na kicheko.

Mwaka huo taasisi iliamua kuchapa kijitabu cha mimea kwa ajili ya wakulima wadogo. Kila mwenye bustani alikaribishwa kuleta jani lake likapimwe. Litakalofuta zambarau zaidi ya sitini katika mia litaingia kijitabuni pamoja na jina la bustani, na mbegu yake itazalishwa na kugawiwa. Bibi Dakika hakuwa na nia ya kushiriki. Aliona si vizuri mpimaji kushindana na wapimwaji. Kisha Jumapili moja mama mkwe wake, huku akipepeta mchele, akamwambia kwamba wifi yake ameshajiandikisha, tena mwenye meza ya jirani ndiye aliyemsukuma, akamwambia mrehani kama ule usipoingia kitabuni basi hicho kitabu kina chuki.

"Na wewe peleka wako, mwanangu," mama mkwe alisema. "Au wa kwako ni wa kunusa tu?"

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha ule haukumtoka Bibi Dakika. Zilikuwa zimebaki siku tatu mlango wa kupokea majani ufungwe. Akakata mrehani wa marehemu usiku huohuo, na kwa kuwa majani hayakauki kwa siku tatu, akayatandaza kwenye sinia juu ya moto mdogo. Alijua kabisa kwamba moto huua nguvu ya jani. Maelezo ya wakulima, yanayosema kaushia kivulini, msiwe na haraka, yalikuwa yameandikwa na yeye mwenyewe. Akajiambia kwamba mrehani uliopandwa na mkono ule hauwezi kushindwa na joto la siku mbili. Akaufunga kwenye bahasha safi, akaandika jina la mumewe lote, akampa karani wa mapokezi.

Karani huyo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyetunza rejista. Alipokea majani, akayapa namba, akafungia majina kabatini, na mafundi walipewa namba peke yake. Kanuni ya Mkuu wa maabara ilikuwa fupi: ukitambua sampuli ni ya nani, usiiguse, mpe mwenzako. Kwa hiyo mrehani wa bahasha, namba tisa, ulipimwa na fundi wa meza ya pili, mwanamume mpole aliyezoea kuimba puani akiwa kazini. Ukapata arobaini na moja. Haukuingia.

Bibi Dakika alilipokea hilo bila kukunja uso. Alijua kosa lake, tena alijua kwamba analijua peke yake. Akaosha mikono, akavuta trei ya siku hiyo, na hapo akakutana na namba kumi na saba.

Lilikuwa tita la majani makavu, ya kijani bado kana kwamba yamechumwa jana, limefungwa kwa uzi mweupe. Mizunguko miwili, ncha imepitishwa chini, na pembeni limeachwa sikio moja fupi la kuvutia. Alilijua fundo lile. Mumewe alifunga hivyo kamba zake kwenye vigingi vya mipaka ili akivuta sikio, fundo zima lifumuke mara moja na kamba isikatwe. Mara nyingi alimwona akilifunga sebuleni huku akitazama taarifa ya habari, na siku zote alidhani atamwomba amfundishe, siku moja, mitihani ikiisha.

Alikaa na lile tita mkononi kwa muda. Fundi wa meza ya pili alikuwa hatua nne kutoka pale, akiimba puani. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: hili nalijua, chukua wewe. Hakulisema. Akavuta sikio, uzi ukafumuka bila kelele, akaanza kusaga.

Siku iliyofuata alidondosha maji yake kwenye vichupa vitatu vya zambarau, akavifungia kabatini, akavua saa yake. Dakika ya kumi alifungua mlango wa kabati kidogo. Hata hilo lilikuwa mwiko, na miaka yote alikuwa hajawahi kulifanya. Zambarau ilikuwa imeanza kupauka, pole pole, bila haraka. Mzee alikuwa anainuka kitini. Bibi Dakika alijua kwa macho tu, kama mpishi anavyojua chungu, kwamba mahali lilipofikia jani lile ni karibu na palipoishia la kwake, na kwamba likiachwa litapita na kwenda mbali.

Akavitoa vichupa, akavisoma kimoja kimoja. Thelathini na sita. Thelathini na nane. Thelathini na saba. Akaandika nambari hizo kwa mwandiko wake mzuri wa kunyooka, na kwenye safu ya muda akaandika: dakika thelathini. Nikose mimi, na akose naye. Hakulitamka, lakini ndilo lililokuwa moyoni, na lilikaa pale kwa raha kama mgeni aliyepewa kiti.

Vichupa alivirudisha kabatini kwa mazoea, akavisahau. Alipokuja kuviosha jioni, vyote vitatu vilikuwa manjano, rangi ya siagi. Hakukuwa na tone la zambarau lililobaki. Alivimwaga haraka, akavisuuza mara mbili.

Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kumtazama mama mkwe, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua. Alipofika alimkuta Wifi uani, mikono ina udongo mpaka viwiko. Wifi alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kusema, na alimpokea kwa kelele zake zilezile, akimwita wifi yangu msomi, akimuuliza mbona amekonda, au ndiyo hizo dawa za maabara zinamnywa badala ya yeye kuzinywa. Kisha akamwomba amsaidie kushusha majani, kwa sababu mama hawezi tena kupanda kigoda.

Stoo ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, upande wa nyuma wa nyumba. Ndani mlikuwa na giza na baridi, na harufu ya mrehani ilikuwa nzito kiasi cha kushikika. Macho yalipozoea, Bibi Dakika aliona kamba zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, sambamba, kwa vipimo, kama ramani. Zilikuwa kamba za kazi za mumewe, nyeupe, zenye alama nyekundu kila baada ya mita. Kwenye kila alama palining'inia tita, na kila tita lina fundo lenye sikio moja.

"Kaka ndiye alinitengenezea," Wifi alisema, akipanda kigoda. "Siku tisa humu ndani, bila kuguswa. Alikuwa akisema jua na moto ni wezi, wanachukua na hawaachi alama. Hilo fundo alinifundisha mchana mmoja tu, nikiwa nimekaa hapo ulipo."

Bibi Dakika aligusa fundo la tita lililokuwa karibu naye. Akauliza mbegu zilitoka wapi, ingawa alianza kujua. Wifi akasema zilitoka kwenye matuta ya kule kwake, nyuma ya jiko. Kaka alizileta kwenye mfuko wa shati. Mrehani mmoja, nyumba mbili. Kumbe tofauti yote ilikuwa siku tisa za subira upande huu, na sinia juu ya moto upande wa pili.

"Aliniambia nikuonyeshe na wewe," Wifi aliendelea, sauti ikiwa imeshuka. "Kusema kweli, niliogopa. Wewe umesoma, wifi. Mimi nimfundishe nani, mtu wa mashine?"

Pale alipaswa kujisikia vibaya, na alijisikia vibaya, lakini chini ya huzuni ile wivu ulikuwa bado unapumua. Mchana mmoja tu. Wao wawili, wamekaa hapa, wakati yeye anakariri majina ya kemikali.

Kisha Wifi, akimpa tita la mwisho, akauliza kwa aibu kidogo kama majibu ya kitabu yametoka. Alisema hataki upendeleo. Ila mama amekuwa akiuliza kila siku, kwa sababu kule kwa karani yeye Wifi hakuandika jina lake mwenyewe. "Nimeandika la kaka. Bustani ni yake, mimi mikono tu. Mama anataka aliguse jina lake kitabuni kabla hajafa."

Bibi Dakika alijibu kwamba orodha inakwenda kwa mchapaji Jumatatu, saa sita. Akashuka uani, akakaa karibu na mama mkwe, akamkanda magoti. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa amekichimba kwa vipimo. Alikuwa amemfuta mumewe. Jina ambalo kwa miaka sita alilipiga pasi, alilitetea mbele ya majirani, alilitanguliza kwenye kila karatasi, alilifuta mwenyewe kwa kalamu ya serikali ili dada yake asionekane.

Jumatatu alifika kazini kabla ya mfagizi. Katika daftari la maabara kosa halifutwi. Halikwaruzwi, halipakwi wino mweupe, ukurasa hauchanwi. Hupigwa mstari mmoja ili kilicho chini kisomeke, pembeni huandikwa sababu, tarehe na sahihi. Katika miaka ishirini na miwili kurasa zake hazikuwa na mstari hata mmoja. Wanafunzi walionyeshwa daftari lake kama mfano.

Angeweza kunyamaza na kurudia kipimo kimyakimya. Angeweza kuandika kwamba mashine ilikuwa na hitilafu. Mashine haina wa kuitetea. Aliifikiria ile sentensi ya mashine kwa muda mrefu, maana ingelinda kila kitu, na jina la nyumba pia. Kisha akaona kwamba jina linalolindwa kwa mtindo huo ni bahasha safi yenye jani bovu, na bahasha moja ya namna hiyo ilikuwa inamtosha.

Akapiga mistari mitatu, kwa rula. Pembeni akaandika: Zilisomwa dakika ya kumi. Mpimaji aliijua sampuli ni ya nani na hakusema.

Mkuu wa maabara, mzee mwenye ndevu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliisoma sentensi ile akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Ni ya nani?" aliuliza.

"Ya wifi yangu."

"Mmegombana?"

"Hapana. Yeye hana habari kama kuna ugomvi."

Mkuu alivua miwani. Alimwambia kwamba angependa sababu iwe nyingine, mashine kwa mfano, na alimtazama kwa namna ya kumfungulia mlango. Bibi Dakika alisema mashine ni nzima. Basi mzee akamwita fundi wa meza ya pili, akampa majani yaliyobaki ya namba kumi na saba, akapiga simu kwa mchapaji kuomba siku tatu. Bibi Dakika aliambiwa kwamba kwa kazi ya kijitabu hicho yeye ataondoka kwenye meza ya majani na kwenda kupima udongo, na kwamba daftari litabaki rafuni kama kawaida, kwa yeyote atakayelifungua. Alikubali yote mawili. Lile la pili ndilo lililomwuma.

Fundi wa meza ya pili alifuata dakika zake thelathini, na safari hii hakuimba. Namba kumi na saba ilipata themanini na nne.

Maneno hayakai chupani. Wiki haikuisha kabla mwanafunzi mmoja hajauliza kwa sauti kama Bibi Dakika sasa aitwe Bibi Dakika Kumi, na watu wakacheka, na yeye akasikia kutoka chumba cha udongo. Hakutoka. Alikuwa anachekecha.

Bibi Dakika alimweleza Wifi yeye mwenyewe, kabla Wifi hajaambiwa na mwingine. Alikwenda mpaka kwenye ile meza ya mbao, akasubiri wateja wapungue, akasema kwa maneno machache alichokifanya. Wifi hakucheka mara hiyo. Alipanga na kupangua vifurushi vyake, akauliza kitu kimoja tu: ilikuwa kwa sababu ya kaka? Bibi Dakika akasema ndiyo. Wifi akamhudumia mteja aliyekuja, akarudi, akasema, "Na mimi nilikuwa nakuonea wivu, ujue. Kwako ndiko alikokuwa akirudi."

Kijitabu kilipotoka, mama mkwe alishikishwa ukurasa wa kumi na nne, akapitisha kidole juu ya jina la mwanawe, lote. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa: Umelimwa na kukaushwa na dada yake. La mjane halikuwepo popote. Bibi Dakika alisoma mstari ule wa herufi ndogo zaidi ya mara moja, na kila mara ukamchoma mahali palepale. Wivu haukuondoka, ulihama tu kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma.

Jumamosi iliyofuata alikwenda na mrehani wa nyuma ya jiko, mbichi, umefunikwa kitambaa. Wakakaa stoo, mlango umeachwa wazi kidogo ili waone uzi. Alijaribu fundo mara nne. La kwanza lilikaza likagoma kufumuka, la pili likateleza, la tatu Wifi akasema hilo umelinyonga, wifi yangu, hilo ni tita si mwizi. La nne lilishika, lakini sikio lilitokea upande usio wake.

"Wewe lilikuchukua muda gani kulijua?" aliuliza, macho yakiwa kwenye uzi.

Wifi alimtazama kidogo.

"Miezi," akasema.

Bibi Dakika alikumbuka vizuri kabisa aliyoambiwa katika chumba kilekile. Hakumsahihisha. Alivuta sikio, uzi ukafumuka, akaanza tena.